Yowe Ambalo Hapana Aliyeliitikia

MASWALI YA WASOMAJI: SAFU YA FILAMU

Safari hii tumepokea barua nne zinazohusu filamu moja, nasi tumeona ni vyema kuzijibu pamoja. Tunawatahadharisha wasomaji ambao hawajaiona kwamba mwisho wake unaelezwa waziwazi humu.

Barua ya kwanza

Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya sekondari na mpenzi wa filamu tangu enzi za majumba ya sinema. Mpwa wangu, anayejifunza kazi ya kurekodi sauti huko Unguja, aliniletea filamu ya Kimarekani ya mwaka 1981 iitwayo Blow Out, akanihakikishia kwamba wapenzi wa filamu wanaiweka katika daraja la juu. Tuliitazama usiku, sauti tukiwa tumeipunguza kwa sababu watoto walikuwa wamelala. Nakiri kwamba picha zake ni nzuri na kwamba sikusinzia hata mara moja, lakini ilipomalizika nilijiona kama mtu aliyealikwa karamuni kisha akaondolewa sahani mbele yake. Shujaa anaujua ukweli mapema, anautafutia ushahidi kwa bidii na akili, halafu ushahidi unapotea, binti anayetaka kumwokoa anauawa, waliopanga njama hawaguswi, na watu wa mji ule hawajui kilichotokea. Mpwa wangu anasema huo ndio uzuri wake. Mimi nimezoea hadithi za upelelezi ambazo mwishowe fumbo hufumbuliwa. Je, watu wanapenda nini hasa katika filamu ya namna hii, au ni mazoea tu ya wasomi kutukuza huzuni?

Mwalimu mstaafu, Chake Chake, Pemba

Jibu

Waalaykumu salaam, Mwalimu wetu. Kwanza nikutoe wasiwasi: uliyoyahisi ndiyo waliyoyahisi watazamaji wengi wa Marekani ilipotoka filamu hiyo mwezi wa Julai 1981. Iligharimu karibu dola milioni 18, na mapato yake katika majumba ya sinema ya huko hayakuzirudisha fedha hizo. Watu waliingia wakimtarajia John Travolta waliyemwona akicheza dansi miaka michache nyuma, wakatoka wameinamisha vichwa. Kwa hiyo siyo kwamba ilizaliwa ikiwa kipenzi cha watu. Mhakiki Pauline Kael wa jarida la The New Yorker aliisifu tangu mwanzo, lakini heshima iliyo nayo leo imejengeka polepole, kwa watu kuirudia. Mwongozaji Quentin Tarantino, ambaye mwaka 1994 alimrudishia Travolta umaarufu wake, amekuwa akiihesabu miongoni mwa filamu tatu anazozipenda kuliko zote.

Kwa faida ya wasioiona, nisimulie kwa ufupi. Jack Terry ni fundi wa sauti katika kampuni ndogo ya mjini Philadelphia inayotengeneza filamu rahisi za kutisha. Bosi wake ana malalamiko mawili: upepo anaoutia katika filamu ni uleule wa siku zote, na yowe la mwigizaji anayeuawa bafuni halimshtui hata paka. Usiku Jack anachukua kinasa sauti chake na kwenda kutafuta upepo mpya. Akiwa juu ya daraja anasikia mpasuko, na gari linayumba, linavunja ukingo na kutumbukia mtoni. Anajitosa majini, anamwokoa binti aitwaye Sally, lakini dereva anakufa, na dereva huyo ni gavana aliyekuwa akitarajiwa kuwania urais. Mtu wa karibu wa gavana anamwomba Jack asahau kwamba garini mlikuwamo mwanamke, ili familia ya marehemu isiaibike. Polisi wanasema tairi lilipasuka, basi. Jack anapousikiliza ukanda wake, hata hivyo, anabaini milio miwili iliyofuatana, wa kwanza wa risasi na wa pili wa tairi.

Yeyote aliyekulia visiwani anajua kwamba upepo si mmoja. Upepo unaopita katika mivinje ya ufukweni huvuma kama mtu anayevuta pumzi huku ameuma meno, na uleule ukifika kwenye minazi hukwaruza kama mvua kavu. Jack ni mtu wa kutofautisha mambo kama hayo, na sehemu ile ya darajani inatuazima masikio yake kabla hakujatokea lolote: anaielekeza maikrofoni yake kwa wapenzi wawili wanaonong'onezana, kisha kwa chura, kisha kwa bundi. (Wazee wetu wangefunga vifaa na kurudi nyumbani mara tu baada ya bundi, na kwa filamu hii wasingekuwa wamekosea.) Kwa sababu hiyo, Mwalimu, nakulaumu kidogo kwa jambo moja tu. Kuitazama filamu hii sauti ikiwa imepunguzwa ni sawa na kuhudhuria taarab ukiwa nje ya dirisha lililofungwa.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Unamzungumzia Jack kana kwamba kushindwa kumemwangukia kutoka juu, kama nazi iliyomdondokea mpita njia. Mimi naona kwamba kushindwa kwake kumefumwa kwa ustadi wake mwenyewe, na hapo ndipo filamu inapoachana na filamu nyingine za njama ambamo mtu mwema anazidiwa nguvu na wabaya. Bila shaka umewahi kuwafundisha wanafunzi wako kwamba tanzia si kila hadithi inayoliza, bali ni ile ambamo sifa njema ya mtu ndiyo inayomwangusha. Sifa njema ya Jack ni kwamba anasikia kuliko wenzake. Zamani alifanya kazi ya kuwavisha vinasa sauti polisi waliotumwa kuwanasa wala rushwa. Mmoja wao alitokwa na jasho jingi, betri ikaanza kumuunguza mwilini, wahalifu wakamgundua na kumnyonga. Jack aliiacha kazi ile kwa uchungu huo na kujificha katika filamu za mayowe ya uongo. Kisha, karibu na mwisho wa hadithi, ni nani anayemvisha Sally kinasa sauti na kumtuma akutane na mtu asiyemjua? Ni Jack yuleyule, kwa mikono ileile, kwa sababu anaamini kwamba jambo likisharekodiwa limekwisha kuthibitika.

Angalia pia jinsi mambo yanavyokwenda kinyume. Kadiri ushahidi wake unavyokamilika, ndivyo hali yake inavyozidi kuwa mbaya. Mwanzoni ana sauti peke yake. Baadaye gazeti moja linachapisha picha mfululizo za ajali ile, zilizotokana na filamu iliyopigwa na mtu aliyekuwa amejificha karibu na daraja. Jack anazikata kwa mkasi, anazipiga picha tena moja baada ya moja mpaka zinatembea, kisha anazioanisha na ukanda wake, na pale kichakani anakiona kimuli cha risasi na moshi wake. Kwa dakika kadhaa hapana mazungumzo yoyote ya maana, ni mtu na kazi yake tu, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ambayo mpwa wako ameirudia zaidi kuliko zote. Ipo raha katika kumtazama fundi aliyebobea, awe mchonga milango wa Mji Mkongwe au mtu anayelinganisha nyuzi za udi, na filamu chache sana zimewahi kumpa mtazamaji raha hiyo kwa ukamilifu kama hii. Tena inampa makusudi, ili aumie zaidi pale ustadi wote ule utakapokosa kumfaa mtu yeyote.

Umetaja hadithi za upelelezi. Sisi tumelelewa na Bwana Msa wa marehemu Muhammed Said Abdulla, ambaye akishavuta kiko chake na kuyapima mambo, hueleza yaliyotokea na waliopo wakamsikiliza mpaka mwisho. Lipo sharti lililojificha hapo, nalo ni kwamba wapo watu walioketi kumsikiliza. Jack hakupungukiwa akili, Mwalimu. Alichokosa ni baraza. Polisi wana sababu ya kutomsikiliza, watu wa gavana wana sababu yao, na Sally mwenyewe, ambaye aliwekwa garini kwa malipo ili gavana apigwe picha za aibu, angependa zaidi kuuhama mji. Mtu mmoja tu, mwandishi wa habari wa televisheni, ndiye aliyekuwa tayari kumpa nafasi ya kusema, na muuaji analitumia jina la mwandishi huyo kumvuta Sally. Mlango pekee uliokuwa wazi ndio alioingilia adui. Ukiniuliza ni kitu gani wapenzi wa filamu wanakipenda hapa, nitakujibu kwamba ni huku kukamilika: hapana kipande kilichotiwa bure, na kila kipande kinambana Jack zaidi.

Barua ya pili

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhariri wa video. Mwalimu wetu alituonyesha vipande vya filamu ya Blow Out ili tujifunze mtindo. Tuliona skrini iliyogawanywa mara mbili, kamera inayozunguka bila kusimama, na picha ambazo kitu cha karibu na cha mbali vyote vinaonekana vizuri sawasawa. Wenzangu walishangilia. Mimi niliona kama mwongozaji Brian De Palma anajionyesha tu. Je, nimekosea?

Mwanafunzi, Mji Mkongwe, Unguja

Jibu

Hukukosea sana, ndugu yangu. De Palma ni mtu wa mbwembwe, na katika baadhi ya filamu zake mbwembwe hizo hazina mzigo wowote zinaoubeba. Hata katika hii, ule mwanzo wa muuaji anayechungulia madirisha ya bweni la wasichana unakwenda mbali kuliko haja. Unafanya mzaha na filamu za ovyo na hapohapo unajipatia faida ileile zinayoipata filamu hizo, nami sikubaliani na wanaousamehe moja kwa moja kwa kuwa tu unageuka kuwa mzaha.

Lakini katika mambo matatu uliyoyataja, nakuomba uangalie tena.

Picha ile ya karibu na mbali hupatikana kwa kuweka nusu ya kioo cha ziada mbele ya lenzi, hivi kwamba upande mmoja wa picha unakuwa na makini ya karibu na upande wa pili makini ya mbali. Jicho la mwanadamu haliwezi kufanya hivyo. Likimtazama aliye karibu, wa mbali huwa ukungu. Sasa kumbuka bundi wa darajani, alivyojaa upande mmoja wa skrini huku Jack akiwa mdogo kule nyuma, na wote wawili wako wazi. Jicho halioni hivyo, ila sikio ndivyo linavyosikia. Nimetazama filamu nyingi Ngome Kongwe wakati wa tamasha letu la kimataifa, linalofanyika tangu 1998, na kila mwaka jambo moja hunirudia: skrini inaweza kuyaamrisha macho yangu yaelekee mbele, lakini masikio huendelea kupokea upepo wa kusi juu ya kuta, honi ya boti inayoingia bandarini, na mtoto anayelia nyuma yangu, vyote kwa mara moja. De Palma na mpiga picha wake, Vilmos Zsigmond, wametafuta namna ya kuifanya kamera isikie. Mtu anayesema hiyo ni mbwembwe tupu atuonyeshe njia nyingine ya kulifanya jambo hilo.

Kamera inayozunguka inatokea Jack anapogundua kwamba kanda zake zote zimefutwa. Anachukua ukanda mmoja, kimya. Anachukua wa pili, kimya. Kamera imesimama katikati ya chumba na inajizungusha polepole, inampita, inazipita mashine, inampita tena akiwa upande mwingine na mikono imejaa kanda, na duru zinaongezeka. Wewe ni mhariri, kwa hiyo utakuwa umekwisha kuona kwamba inazunguka kama gurudumu la kanda lenyewe. Kwa mkato wa kawaida tungeelezwa kuwa amepoteza kila kitu. Kwa mzunguko ule tunakaa naye mpaka kizunguzungu kinatushika.

Kuhusu skrini iliyogawanywa sina mengi. Mwanzoni kabisa upande mmoja unaonyesha taarifa ya habari kuhusu gavana, na upande wa pili Jack akipanga sauti zake katika ghala lake, bila kujua kwamba wanaume wale wawili watakutana usiku uleule. Ni njia ya haraka ya kusimulia, na inatosha.

Ongeza rangi. Nyekundu, nyeupe na bluu, yaani rangi za bendera ya Marekani, zimetapakaa kila pahala, kwenye kuta, nguo, taa na vyumba vya hoteli, mpaka unahisi kwamba nchi yenyewe imo chumbani inasikiliza. Ongeza pia muziki wa Mwitaliano Pino Donaggio, ambaye anaweka kinanda laini cha mapenzi pale ambapo mtunzi mwingine angeweka ngoma za hatari. Kwa kufanya hivyo anatueleza mapema kwamba hii haitakuwa hadithi ya kushinda.

Nikupe na kisa kimoja cha kazi, kwa kuwa utakihitaji siku moja. Baada ya kupiga picha, maboksi yenye negativu za sehemu kubwa ya gwaride la mwisho yaliibiwa, na sehemu hiyo ikalazimika kupigwa upya kwa gharama kubwa. Zsigmond alikuwa tayari amekwenda kwenye kazi nyingine, na nafasi yake ikashikwa na rafiki yake László Kovács, Mhungari mwenziwe. Filamu inayohusu ushahidi uliotoweka ikapotelewa na kanda zake yenyewe! Basi, tunza nakala za kazi zako.

Barua ya tatu

Bwana Mhariri, hapa kwetu tulibishana sana kama kisa cha filamu hii ni cha kweli. Kijana mmoja anashikilia kwamba gavana huyo alikuwepo. Tusaidie.

Wasomaji wa barazani, Wete, Pemba

Jibu

Gavana huyo ni wa kubuni, ndugu zangu, na kijana wenu amepoteza dau kama aliliweka. Hata hivyo, hakupotoka kabisa, kwa sababu kila Mmarekani mtu mzima aliyeitazama mwaka 1981 aliyatambua matukio matatu ya kweli nyuma yake.

La kwanza ni kuuawa kwa Rais John Kennedy mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Mtu wa kawaida aliyekuja kumwangalia rais akipita alipiga filamu isiyofika nusu dakika, jarida la Life likainunua na kuchapisha vipande vyake kama picha za kusimama, na taifa zima likaanza kubishana juu ya kila kipande. Jack anapokata picha gazetini kwa mkasi, anafanya kile ambacho maelfu ya raia walikuwa wakikifanya mezani kwao. La pili ni ajali ya Chappaquiddick ya mwezi wa Julai 1969, ambapo gari lililoendeshwa na Seneta Edward Kennedy lilitoka darajani na kuingia majini, yeye akatoka salama na binti aliyekuwa naye akafa. Filamu imeligeuza tukio hilo kichwa chini, maana hapa mwanasiasa ndiye anayezama na binti ndiye anayeokolewa. La tatu ni kashfa ya Watergate, iliyomlazimisha Rais Richard Nixon kujiuzulu mwezi wa Agosti 1974. Katika ukanda mmoja wa mazungumzo ya ofisini kwake kulikutwa dakika 18 na nusu zilizofutwa. Baada ya hapo, mtazamaji wa Marekani hakuhitaji kuelezwa maana ya ukanda ulio kimya.

Jina lenyewe la filamu lina maana ya kupasuka kwa tairi, lakini pia ni salamu kwa Blow-Up, filamu ya mwaka 1966 ya Mwitaliano Michelangelo Antonioni, inayomhusu mpiga picha anayedhani kamera yake imenasa mauaji. De Palma amechukua picha akaweka sauti. Jambo moja zaidi linalofaa barazani kwenu: ndani ya hadithi, njama ya wakubwa ilikuwa kumwaibisha gavana tu, siyo kumwua. Burke, mtu waliyempa kazi, ndiye aliyeona afyatue risasi, na baada ya hapo akaanza kuwaua wanawake wasiohusika wanaofanana na Sally, ili Sally akifa ionekane kuwa ni kazi ya mwendawazimu fulani wa mjini. Wakubwa waliomtuma wamebaki wakimlalamikia kwa simu. Ubishi wenu uendelee kutoka hapo.

Barua ya nne

Bwana Mhariri, baada ya salamu. Mimi na mume wangu tuliitazama Blow Out na hatujapatana mpaka leo. Mwishoni Jack analichukua yowe la Sally, lile la kweli alilolipiga wakati anauawa, na kulitia katika filamu yao ya kutisha. Mimi nililia. Mume wangu anasema Jack ni mtu asiye na haya wala huruma, kwamba amemuuza maiti. Nani kati yetu yuko sawa?

Mama wa Michenzani, Unguja

Jibu

Bibie, swali lako ndilo gumu kuliko yote, na nimeliweka mwisho kwa sababu hiyo.

Tuanze na yowe lenyewe. Kwetu, anayepiga ukemi usiku anajua, na jirani anajua, kwamba sauti ile ni amri. Huulizi ni nani wala kuna nini. Unatoka, ukiwa na kanga mabegani au na panga mkononi, na mtaa mzima unatoka. Sasa iweke desturi hiyo mbele ya macho na uangalie tena namna Sally anavyokufa. Mji wa Philadelphia uko katika sherehe. Mitaa imejaa maelfu ya watu, bendi zinapiga, na fataki zinapasuka angani kwa heshima ya kengele yao maarufu ya uhuru, ambayo ufa wake uliopanuka mwaka 1846 uliinyamazisha tangu zamani. Katikati ya umati huo wote Sally anapiga yowe kwa nguvu zake zote, na hapana anayegeuka. Anayemsikia ni mtu mmoja aliye mbali, kupitia kifaa kilicho sikioni mwake. Amekwisha kupita na gari katikati ya gwaride na kulivunja katika dirisha la duka, amezimia, amezinduka, na anakimbia. Anasikia kila pumzi ya Sally, kwa hiyo anajua hasa amechelewa kiasi gani. Anapofika walipo anamwua muuaji na kumpakata Sally, na fataki zinawamulika kwa rangi nzuri mno, nzuri kiasi cha kuona aibu kuzitazama.

Mumeo ana hoja, wala siyo ndogo. Biashara imepata ilichokuwa ikikitafuta. Bosi wa Jack, asiyejua lolote, anafurahi kwamba hatimaye limepatikana yowe la haja, na Jack mwenyewe ndiye aliyelileta. Angeweza kuuteketeza ukanda ule. Angeweza kuuzika.

Ila nakuomba umwulize mumeo angetaka Jack aupeleke wapi ukanda huo. Filamu ya ajali imetupwa mtoni na Burke. Kanda zimefutwa. Burke amekufa, na mji umeambiwa kwamba mwendawazimu aliyekuwa akiwaua wanawake ameangamia pamoja na mwathirika wake wa mwisho, habari ambayo inawafaa wakubwa wote. Kitu pekee kilichobaki duniani kinachothibitisha kwamba Sally aliishi na aliomba msaada ni sauti ile, na mahakama pekee iliyobaki ni jumba la sinema la filamu za ovyo. Ni mahali pa kudharauliwa, lakini huko angalau watu watakaa kimya gizani na kumsikia. Mimi siioni kuwa biashara, wala siioni kuwa heshima. Naona ni adhabu aliyojichagulia mtu ambaye kazi nyingine hana, maana atalazimika kulisikia yowe lile kila litakapopigwa. Katika majira ya baridi tunamwona kwenye benchi, theluji imezagaa, ukanda uko masikioni mwake, na hapana anayemlazimisha kuusikiliza.

Kuna na sisi watazamaji, Bibie, jambo ambalo wewe na mumeo pengine hamkulizungumza. Filamu inaanza kwa yowe dhaifu la mwigizaji wa bafuni, sauti nyembamba kama ya mlango unaohitaji mafuta, na sote tunacheka pamoja na Jack. Tunakubaliana na bosi wake kwamba linatakiwa yowe zuri zaidi. Tunakaa karibu saa mbili tukilisubiri, ingawa tumesahau kwamba tunalisubiri, na mwishoni tunaletewa, likiwa katika mdomo wa yule mwigizaji wa bafuni, na linaingia sawasawa. Hapo ndipo ulipolia. Nadhani mumeo naye alilisikia hilohilo, ila yeye limemtoka kwa njia ya hasira.

Mtakapoitazama tena, msiwatazame wengine waliomo chumbani mle, mtazameni Jack. Anarudia kwa sauti ya chini kwamba yowe ni zuri, anarudia tena, kisha, yeye aliyeishi kwa masikio yake tangu dakika ya kwanza, anainua mikono na kuyaziba.